Barua za Mkono wa Kushoto

Vijana wote walimwita Shangazi. Riwaya sita alizowaandikia zilikuwa zimempa ukoo mkubwa kuliko aliozaliwa nao, na tusifichane, alijivunia. Lakini kwa damu alikuwa shangazi wa mtu mmoja tu: binti wa kaka yake, aliyeketi safu ya tatu siku ile mwandishi alipoalikwa shuleni kwao kusoma kitabu kipya.

Kitabu chenyewe kilitoka wapi? Mwaka uliopita, wakiosha vyombo, binti alimtolea siri yake. Zile barua za mapenzi alizokuwa akiwaringishia wenzake, eti za mvulana wa shule ya mbali, alijiandikia mwenyewe, kwa mkono wa kushoto na wino wa kijani. Hakuna aliyewahi kumwandikia hata mstari. Shangazi alimkumbatia, akaapa kufunga mdomo. Kisha akaingia chooni, akafungulia bomba, akayaandika yote daftarini neno kwa neno kabla hayajapoa. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote. Baadaye alibadilisha jina la msichana, akabadilisha na shule. Wino akauacha, maana mhariri aliupenda mno, na yeye akajiambia, nani atajua?

Basi akasoma. Alipofika kwenye wino wa kijani, kichwa kimoja kiligeukia safu ya tatu, kisha cha pili, kisha darasa zima. Vicheko vya chini chini vikapita. Binti alikuwa akitazama dawati lake. Shangazi aliyaona yote hayo, na angeweza kufunga kitabu pale pale, akasingizia koo. Ila darasa lilikuwa limenasa, na masikini roho yake, alikuwa anausikia utamu wa maneno yake mwenyewe. Akasoma mpaka mwisho wa ukurasa. Makofi yalipopigwa, aibu ilimpanda mpaka masikioni, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Wanafunzi wakapanga foleni ya saini. "Asante, Shangazi," walisema mmoja baada ya mwingine. Zamu ya binti ilipofika, mwandishi alikosa pa kuweka macho. Akanong'ona kwamba jina alilibadilisha, kwamba hakudhani, kwamba amsamehe.

"Nitilie saini tu," binti akasema. "Wananiangalia."

Akatia. Binti akakipokea kitabu kwa mikono miwili, kwa adabu zote alizofunzwa kwao.

"Asante, mwandishi."