Nusu kwa Nusu

Baba yao alikata roho akifunga kamba za viatu, na baba mdogo akamfuata akiwa kwenye foleni ya benki. Moyo, wote wawili. Kwa hiyo Dobi na kaka yake seremala walipopimwa hospitali, damu zao zikakutwa zimejaa lehemu, yale mafuta yanayoziba mishipa, hakuna aliyeshangaa. Wakaingizwa kwenye utafiti wa dawa ya kuyapunguza.

Daktari alieleza wazi: nusu ya watu watapewa dawa, nusu vidonge vitupu, na hata yeye hajui nani kapata nini.

Jioni hiyohiyo seremala aliingia kibandani kwa dada yake, kopo la vidonge mkononi. Ubishi wake ulijulikana mtaa mzima. Hata mbao alibishana nazo.

"Lete na lako," alisema. "Tangu lini mimi nikala, wewe ukatazama?"

"Wamekataza, kaka."

"Wamekataza kubadilishana. Kuchanganya hawajasema."

Akamimina makopo yote mawili kwenye meza ya kupigia pasi, akavikoroga vidonge kwa kiganja, akagawa upya. Vilifanana kama punje za mchele. Dobi alicheka, na ukweli ni kwamba alishukuru, maana alikuwa na hakika kopo lake ndilo tupu. Kila walipopewa makopo mapya, walifanya vivyo hivyo. Wifi, mke wa seremala, hakuambiwa, angewapeleka kwa daktari akiwavuta masikio.

Seremala alianguka karakanani kwake, akafa kabla hajafikishwa hospitali.

Baada ya maziko daktari aliwaita wifi na Dobi ofisini. Mshiriki akifariki, siri ya kundi lake hufunguliwa.

"Mumeo alikuwa kundi la dawa ya kweli," alimwambia wifi.

Wifi alishusha pumzi. Tangu msiba alikuwa akilia kwamba mumewe alilishwa chaki.

"Basi hakunyimwa," alisema. "Siku zake tu zilifika."

"Kinachotushangaza," daktari alimgeukia Dobi, "lehemu yake ilishuka nusu tu ya tulivyotarajia. Na yako imeshuka hivyohivyo. Kweli damu zenu ni moja."

Dobi alipiga hesabu. Makopo yote mawili yangekuwa na dawa, lehemu ingeshuka sawasawa na wenzao. Basi lake ndilo lilikuwa tupu, na nusu ya dawa ya kaka yake ilipita kooni kwake yeye, kila siku, kwa maji. Alitaka kusema. Asiposema, atabaki na vidonge vitupu mpaka moyo wake nao umfanyie walivyofanyiwa wengine. Akisema, wifi ataondoka humu akijua mumewe alikufa kwa kumgawia dada yake. Alijichukia kwa kusitasita.

Wifi alimshika mkono. Uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza.

"Umebaki wewe, wifi yangu," alisema. "Meza dawa zako, usiache hata siku moja."

"Sitaacha," alisema Dobi.