Mpini wa Mswaki

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, karani wa idara ya maji alitandika shuka kwenye sakafu ya sebule, akapanga juu yake kila kitu alichozoea kusafiri nacho kwa baiskeli, na kando akaweka mizani ya jikoni. Hema la turubai. Sufuria mbili na kikaango. Jiko la mafuta ya taa. Shoka. Kiti cha kukunja. Blanketi, tochi, redio, spana za kila namna, na mswaki. Alianza na mswaki. Aliupima, akatikisa kichwa, akachukua msumeno mdogo wa chuma akaukata mpini, akabaki na kipande cha kushika kwa vidole viwili.

"Hicho kingine nikitupe?" aliuliza mkewe, fundi wa nguo, aliyekuwa kwenye cherehani karibu na dirisha.

"Kiweke tu mahali," alisema karani.

Fundi akakitia kwenye mfuko wa gauni. Alipokanyaga tena pedali ya cherehani, alihisi mguu wake wa kulia umeongezeka uzito, kiasi cha kipande cha mswaki na si zaidi. Akaendelea kushona.

Mtaani karani aliitwa Kontena. Kila likizo aliipakia baiskeli mpaka keria ikalia, mifuko miwili mbele, miwili nyuma, gunia juu yake, kisha akaondoka akiyumba kama mlevi mwenye adabu zake. Miaka ya mwanzo ya ndoa walikuwa wakienda wawili. Fundi alikuwa na miguu yenye nguvu kuliko mumewe, na kwenye vilima yeye ndiye aliyesimama kumngoja. Halafu baba yake karani akapata kiharusi, akaletwa kwao, akalazwa chumba cha nyuma, na ikabidi mmoja wao abaki. "Mwaka huu baki wewe," karani alimwambia mkewe. "Mwakani nabaki mimi. Tutapokezana." Hakusema uongo, siku ile aliamini. Baiskeli ya fundi ikatundikwa kwenye ukuta wa uani, naye fundi akawa anaupaka mnyororo mafuta kila mwezi, maana mwakani si mbali.

Ikapita miaka, na mwakani haikufika. Sasa karani alikuwa ameona picha za wasafiri wa siku hizi: mfuko mdogo chini ya kiti, mwingine ndani ya fremu, kifurushi kwenye usukani, basi. Walikuwa wanapanda milima huku wanacheka. Alirudi nyumbani kama mtu aliyeokoka.

"Mke wangu, tulikuwa tunajitesa bure," alisema. "Uzito ni woga tu."

Fundi alimshonea mifuko hiyo kwa nailoni nyepesi, mishono miwili miwili, zipu zinazoteleza bila kukwama. Aliishona vizuri kwa sababu hakujua kushona vibaya. Karani aliacha shoka, kiti, kikaango, redio na sufuria moja, akaondoka anapiga mluzi. Jioni ile stuli ya fundi ilivunjika miguu yote.

Mwezi uliofuata fundi alimpeleka baba mkwe kliniki kwa teksi, na gari likainamia upande aliokaa yeye. Nesi alipomaliza kumpima mzee presha, alimwambia fundi naye apande mizani. Mshale ulizunguka mpaka ukagota. Gauni lake lilikuwa lile la siku zote, na bado lilimpwaya.

"Mumeo anasafiri?" aliuliza nesi.

"Kwa baiskeli."

"Na mizigo?"

"Ameipunguza."

"Ehee." Nesi alimwonyesha nje kwa kidevu. "Basi ukingoja dawa, dada, kaa kwenye benchi la zege. Ya mbao tuachie."

Benchi la zege lilikuwa nyuma ya jengo, na tayari lilikuwa na wanawake kadhaa, wazee kwa vijana. Mmoja alisogea ampishe, na huko kusogea kwenyewe kulichukua muda.

Haba na haba hujaza kibaba. Kila aliporudi, karani alipata kingine cha kuacha. Aliacha jiko, akawa anakula vya baridi. Aliacha blanketi, kisha hema. Aliacha simu, kwa kuwa chaja nayo ni mzigo. Vilipokwisha vitu vya kupima, alianza kuacha visivyopimika. Wasiwasi juu ya baba yake aliuacha juu ya kabati, pamoja na zamu ya kumgeuza mzee ubavu, ambayo hata hivyo hakuwahi kuibeba sana. Baiskeli yake ikaacha kuchora alama mchangani. Mlinzi wa bwawa alimwona akikatiza juu ya maji bila kulowesha matairi, akampungia mkono. Mtaani wakabadilisha jina, wakawa wanamwita Unyoya.

Ndani ya nyumba vigae vilipasuka kuanzia kwenye cherehani hadi chumba cha nyuma, njia moja nyembamba, ile aliyopita fundi kwenda kwa mzee. Dada yake karani alikuja siku moja kumjulia hali baba. Alikuwa amekaa mwisho wa kochi. Fundi alipokaa mwisho wa pili, mgeni akapanda juu, chai mkononi.

"Wifi, umekuwa mzito," alisema kutoka huko juu. "Na kaka naye amezidi wepesi. Lakini usijali, aliye juu mngoje chini."

Alimaliza chai yake hukohuko, akashushwa, akaacha pole zake na kuondoka. Zile pole nazo zilikuwa na uzito wake.

Mzee peke yake ndiye hakuacha kitu. Maneno yake yalikuwa yamebaki machache, na kila fundi alipomgeuza aliyatumia yaleyale: "Mwanangu, na wewe uende." Alifariki mchana, fundi akiwa anamnywesha maji. Karani hakupatikana, kwa kuwa simu yake ilikuwa kwenye droo. Walimzika bila yeye.

Alirudi wakati udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Mashavu yalikuwa yanang'aa, na miguu haikugusa kizingiti sawasawa.

"Nilihisi," alisema alipoambiwa. "Siku moja machozi yalinitoka tu, nikiwa barabarani. Nililia sana, nikayaacha palepale."

Fundi ndiye aliyekuwa nayo. Aliyafuta, akamwekea mumewe chai.

"Baba amepumzika," alisema. "Ulisema tutapokezana. Mimi zamu siitaki. Nataka twende wote, kama zamani."

"Twende!" alisema karani, na alifurahi kwelikweli. Hakuwa mtu mbaya.

Waliitungua baiskeli ukutani. Mnyororo ulikuwa unang'aa. Wakajaza matairi upepo. Fundi alivaa suruali yake ya safari, na ilimtosha kama siku ya mwisho alipoivua; moyo ukamdunda kama wa msichana. Akapanda. Matairi yalipasuka yote kwa pamoja, spoki zikafuata moja baada ya nyingine, kisha fremu ikalala chini taratibu, yeye bado ameshika usukani.

Karani alichuchumaa mbele yake, akamtazama kwa huruma ya mtu ambaye mambo hayo yaliwahi kumkuta.

"Unabeba vingi mno, mke wangu. Hata mimi nilikuwa hivyohivyo. Punguza."

"Nipunguze," alisema fundi. "Nimwachie nani?"

Karani alifikiri. Aliutazama mlango, akalitazama dirisha la chumba cha nyuma, akautazama ukuta palipobaki msumari. Alifikiri kwa dhati kabisa, na hakumpata mtu.

"Hapo sasa," alisema.

Uchungu ulimjaa fundi. Huo ulikuwa wake mwenyewe, na haukumwongezea hata gramu.

Kabla ya safari nyingine, karani alimwita mwashi akajenga benchi la zege karibu na geti. Lilikuwa benchi zuri, limelainishwa kingo. "Ili usiwe unaanguka na viti vya watu," alisema. "Na hapa utakuwa unaniona nikirudi." Asubuhi ya kuondoka alikuwa ameshapanda baiskeli alipopapasa mfuko wa shati, akatoa ufunguo wa nyumba, akaupimia kiganjani.

"Huu nao wa nini?" alisema. "Wewe si upo?"

"Nipo," alisema fundi.

Aliupokea, akautia kwenye mfuko wa gauni, mlimokuwa na mpini wa mswaki. Karani hakuhitaji kukanyaga pedali. Upepo ulimchukua mpaka konani, akainua mkono wa kwaheri bila kugeuka. Fundi akafunga geti, akaketi. Benchi likadidimia kidogo, kisha likatulia.