Maranda ya Mama Mkwe

Kosa ni langu. Mke wa fundi majeneza, jirani yangu, alikuwa anatafuta matandazo ya kufunika udongo kabla jua halijazimaliza nyanya zake. Nyasi kavu zina mbegu za magugu, na makapi ya mpunga yanapeperuka mpaka kwenye chai ya watu. Nikamwambia achukue maranda ya mbao, yamejaa tele karakanani kwa mumewe.

Akayatandaza yote. Nyanya zikainua shingo.

Asubuhi iliyofuata, akimwagilia, aliwakuta marehemu wamepanga foleni uani, wapole kama watu wa kliniki. Kila mmoja alichambua maranda ya jeneza lake, akajaza mfukoni, akaaga. Karani mmoja mstaafu alieleza kwamba fundi ananunua mbao kuukuu za kumwagia zege, anazipiga randa mpaka zing'ae kama mpya, na kinachobaki ni chembamba kama biskuti. Huko chini baridi inapenya, tena jirani yake wa kaburi la pili analalamika kwamba anamsikia akikoroma. Mke wa fundi akamwomba radhi, akamwomba pia asikanyage miche.

Wa mwisho alikuwa mama mkwe, aliyezikwa juzi juzi tu, na watu wakalisifu sana jeneza. Alianza na bustani.

"Mke wa mwanangu, maranda hayabanwi kwenye shina. Utaozesha mche."

"Nimesikia, mama."

"Haya, nipe yangu."

Yake ndiyo yalikuwa mengi kuliko ya wote, na yalikuwa na chenga za saruji. Mke wa fundi alimkusanyia kwa mikono miwili, asimtazame usoni.

Kufika mchana udongo uko uchi, nyanya zimelala kama walevi. Akaleta nyasi kavu, magugu atayang'oa akiwa hai. Siku hizi karakana ikifagiliwa, rundo la maranda analiacha langoni, wenyewe wanakuja kuchukua. Fundi huwaamkia vizuri tu. Biashara inakwenda.

Mama mkwe peke yake haendi zake. Maranda hayarudi kuwa ubao, hata yeye analijua hilo. Anasimama mlangoni mwa karakana, kanga imejaa maranda, na mwanawe ameinamia ubao mwingine wenye madoa ya zege, randa inakwenda na kurudi.

"Kifuniko tu, baba. Nibadilishie kifuniko. Mvua ikinyesha, naloa."