Cherehani Inayochechemea

Nyumbani walimwita Profesa tangu angali mtoto, kwa wingi wa maswali yake. Sasa alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya sayansi ya siasa, na siku hiyo aliwasilisha utafiti wake juu ya wasimamizi wa vituo vya kura. Alijiona kafika, maskini.

Majina yote alikuwa ameyaficha. Sauti za wahojiwa alizipitisha kwenye kompyuta zikawa nzito za kiume. Akabonyeza kitufe, na chumba cha semina kikasikia mtu akisimulia jinsi sanduku la kura lilivyoingizwa kwa mlango wa nyuma, limeshajaa, huku yeye na wasimamizi wenzake wawili wakiamriwa kutazama ukutani. Nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na cherehani: tak-tak, kisha mkwaruzo wa chuma, tak-tak, mkwaruzo.

"Samahani," akasema Mkuu. "Hebu turudishie hapo."

Mkuu alikuwa mwanafunzi kama wao, ila yeye aliletwa darasani na dereva. Ofisi aliyofanyia kazi hakuna aliyethubutu kuiulizia. Alikuwa mpole, aliwaazima watu vitabu, na wote walimwogopa kwa adabu.

Profesa akarudisha. Mkuu akasikiliza amefumba macho, akitabasamu, vidole vikipapasa kola ya koti lake la kijivu.

"Cherehani inachechemea hiyo," akasema. "Utafiti mzuri sana, dada."

Watu wakacheka. Profesa naye akacheka, jasho likimtiririka mgongoni. Lile koti alilijua. Aliliona limetundikwa dukani kwa mama mdogo wake, likisubiri vifungo. Sauti ya mama mdogo aliibadilisha. Cherehani aliisahau, kwa kuwa alikua nayo mpaka masikio yake yakaacha kuisikia.

Mhadhiri akauliza jambo kuhusu nadharia. Akajibu, Mungu anajua nini. Alipoinua macho, kiti cha Mkuu kilikuwa kitupu. Alitamani kukimbia, lakini mwenye kutetea kazi yake haondoki mpaka aruhusiwe, na wahadhiri siku hiyo walikuwa na maswali utadhani wamelipwa kwa kila moja.

Walipomwachia, akapiga simu akiwa kwenye ngazi. Inaita, haipokelewi. Akapiga tena, hivyo hivyo. Akavua viatu akakimbia navyo mkononi, watu wakimpisha kama wanavyompisha mwizi. Watu kama mama mdogo hufanywa nini? Alikwisha kusoma vitabu vizima juu ya swali hilo, vyenye majedwali, na sasa hakutaka kukumbuka hata ukurasa mmoja.

Mama mdogo alikuwepo. Ameketi palepale, pini mdomoni, mguu kwenye pedali. Profesa akaegemea mlango akalia kwa furaha.

"We mtoto, umekumbwa na nini?"

"Simu, mama mdogo! Mbona hupokei?"

"Nilikuwa na mgeni, ndiyo kwanza katoka. Mwenzako wa darasani, yule mwenye koti la kijivu. Kumbe mnasoma wote na huniambii! Kakusifu huyo mpaka nikaona haya mimi."

"Alitaka nini?"

"Si huo utafiti wenu. Na mimi si mjinga, nilimwuliza kwanza kama ulivyonifundisha: jina langu hutalitaja? Akaapa, na mkono akainua." Mama mdogo akatoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kitambaa moja moja, amejaa fahari. "Basi nikamweleza yote. Na wale wenzangu wawili wa kituoni, waliokukatalia wewe kuongea, nikampa majina yao na wanapokaa. Alivyofurahi! Anasema anaanza na wao leo hii, halafu atanirudia mimi."

Akamtazama Profesa.

"Nilitaka kuwarahisishia masomo, mwanangu. Mbona unafunga mlango?"