Mkono wa Arbab Mkiani

Kwa miaka mitatu Joweria alilinda geti la ghala huko Ras Al Khor, akifungulia malori ambayo madereva wake hawakujua hata jina lake. Sasa alikuwa anamaliza mwezi wa majaribio kwenye hanga, banda la kuegeshea ndege, akisimamia kazi ya kuitoa na kuiingiza helikopta ndogo ya tajiri wao, Arbab Saif. Siku hiyo ya mwisho arbab mwenyewe alikuja kuamua: mwanamke huyu wa Kiganda abaki, au arudi getini.

Saa tisa alasiri upepo wa vumbi ukaanza, na helikopta ilikuwa bado nje. Joweria hakubabaika. Yeye na Gervas, Mtanzania asiyechoka kusema, walifunga magurudumu kwenye vile vyuma viwili inavyokalia, wakaiinua, kisha Joweria akaenda mkiani. Anayeshika mkia ndiye anayeongoza.

"Dada, tutaweza wawili tu?" Gervas akauliza. "Mwenzetu Matia yuko kliniki."

"Wawili wanatosha wakisikilizana. Sukuma polepole."

Arbab akaona wanamcheleweshea mali yake kwenye mchanga. Akaja mbio, kanzu ikipepea, akakamata panga dogo la mkia, lile linalozunguka helikopta ikiruka, ili asukume.

"Yalla, yalla! Haraka!"

"Acha!" Joweria akafoka. "Toa mkono hapo!"

Gervas nusura aingie uvunguni mwa helikopta. Nani humfokea arbab?  Joweria aliona kabisa geti la Ras Al Khor likimsubiri. Lakini panga lile likipinda kidogo tu, huenda rubani asigundue, na angani hakuna pa kuegesha. Heri lawama kuliko fedheha, na hapa fedheha ingekuwa msiba.

"Shika hapa ubavuni, arbab," akasema, sauti ikiwa ileile. "Nikisema simama, simama."

Arbab akashika ubavuni. Aliambiwa polepole, akaenda polepole. Aliambiwa simama, akasimama, jasho likimtoka kama mtu mwingine yeyote.

Ndani ya hanga Joweria aliishusha helikopta, akatoa magurudumu, akalifunga panga kubwa la juu kwa mkanda hadi kwenye mkia, akaziba matundu ya injini. Alifanya yote bila haraka, na alijua kwamba anayafanya vizuri. Nje mchanga ulikuwa unagonga mabati.

"Umenifokea," Arbab akasema.

"Ndiyo, arbab. Mali ni yako, dhamana ni yangu. Ukishika tena pale, nitafoka tena."

Gervas akafumba macho.

Arbab akapangusa vumbi usoni. "Kesho wanangu watapanda hii," akasema. "Mtu yeyote asiisogeze kama wewe hupo."