Kapteni Alitazama Saa

Aliyeandika tamthilia ya Pete Iliyozama ningempata, ningemcharaza kwa rula yangu ya mbao, ile ninayopimia vitambaa. Si kwa mambo ya kawaida. Ya kawaida nimeyazoea. Mtu anapigwa risasi Jumatatu, Ijumaa yuko harusini anacheza muziki. Mtoto aliyepotea ana alama begani, basi nyumba nzima inavaa mikono mirefu hata kwenye joto ili alama isionekane mapema. Hayo nimeyasamehe. Nilichoshindwa kusamehe ni walichomfanyia Kapteni wiki ile, na wiki yenyewe ndiyo mama yangu alikuwa apasuliwe jicho.

Mama ana jicho moja. La kushoto lilishakufa zamani, na la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho hata akawa anaona mwanga na vivuli tu. Daktari wa macho huja katika hospitali yetu mara moja kwa mwaka. Alitupa nafasi ya Alhamisi, akanivuta pembeni kunieleza kwamba tukisubiri mwaka mwingine presha inaweza kupanda ndani ya jicho, na likiondoka limeondoka. Hilo la presha nilimfikishia mama. Akaitikia, "Basi twende," na mimi nikashusha pumzi.

Sasa niwaeleze tunavyotazama. Tamthilia zetu zinatoka nchi za mbali, halafu zinawekewa sauti za Kiswahili. Mama anakaa mbele ya televisheni, mimi niko kwenye cherehani karibu na dirisha, namalizia sare za shule. Yeye anasikia, mimi namweleza yale yasiyosemwa: nani kaingia, nani kaficha nini chini ya mto. Majina ya wale watu yanavunja ulimi, kwa hiyo tumewabatiza wenyewe. Mwenye kofia ni Kapteni. Mke wake ni Asali, kwa jinsi anavyobembeleza. Mama hampendi Asali hata kidogo.

"Anaongea kama ana pipi mdomoni," husema. "Mtu mkweli haongei hivyo."

"Mama, ile ni sauti tu ya mtu wa studio. Ndiyo hiyo hiyo ya nesi wa humo humo, na ya yule bibi wa kiwandani."

"Ya nesi haina pipi."

Na mimi, nikiri tu, nina mdomo. Siwezi kueleza bila kutia langu. Kuna siku Asali alinikera mpaka nikamwambia mama kwamba kazabwa kibao, kofi la kusikika mpaka jikoni, ila muziki umelifunika. Mama alifurahi siku nzima. Kesho yake akamsimulia Fundi Saa, jirani yetu anayekuja kutazama kwetu tangu televisheni yake ife. Fundi Saa akasema hakuna kofi lililopigwa. Toka hapo nikisema tu, "Mama, ungeona!" yeye huuliza, "Ya kwenye televisheni hiyo, au ya kwako?"

Jumatatu Kapteni akafunguliwa bandeji. Alikuwa amepasuliwa macho baada ya ile ajali yao ya kijinga ya boti. Daktari anazungusha kitambaa taratibu, muziki unalia, na mimi najua waandishi hawa hawana huruma. Nilitafuta rimoti. Ilikuwa chini ya vitambaa.

"Giza," Kapteni akasema. "Daktari, mbona giza? Sioni! Sioni kitu!"

Muziki ukapanda, majina yakaanza kupita. Mama aliweka mikono magotini. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mpigie daktari mwambie siendi."

"Mama! Yule analipwa kuwa kipofu! Saa hizi yuko kwake anakula!"

"Aliyeandika hakuokota jalalani. Yametokea kwa watu."

"Yametokea kwa watu kufufuka pia? Maana baba yake Kapteni kafa mara mbili!"

Hakucheka. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nina kidogo. Najua dirisha lilipo. Ukipita mbele yangu naona kivuli, najua ni wewe. Ni kidogo, lakini ni changu. Nikalale pale nikiwa nacho, niamke sina? Hapana."

Hofu yake ilikuwa na akili, na mimi nilikuwa na hofu hiyo hiyo, tena kubwa zaidi, kwa sababu nilijua kama upasuaji ukiharibika nitakuwa mimi niliyempeleka.

Jumanne sikufanya kazi ya maana. Nilishona mkono wa kulia wa shati upande wa kushoto, nikafumua, nikaushona tena pale pale. Nilimpigia kaka mkubwa, ambaye ni dereva wa lori na kila siku yuko njiani. Akasema nisimlazimishe mama. Nikamwambia ni rahisi kuwa mpole ukiwa umbali huo, nikakata simu. Nikambembeleza mama asubuhi, nikamnunia mchana, jioni nikapika chakula anachopenda. Alikula chote, akashukuru, akasema haendi.

Jumatano jioni, na kesho yake asubuhi ndiyo tulitakiwa hospitali, tukawasha. Fundi Saa alikuwepo. Ikaja sehemu ya kimya. Kapteni peke yake sebuleni, kakaa kwenye kiti chake, uso mbele kama sanamu. Mimi nilikuwa nafanya tundu la kifungo, nikainua kichwa mara moja tu kukata uzi. Na mara hiyo moja, macho ya Kapteni yakaenda ukutani, kwenye saa, yakasoma, yakarudi.

Nilipiga ukelele mpaka mkasi ukaanguka.

"Anaona! Mama, anaona! Katazama saa! Ungeona!"

"Umeanza," mama akasema.

"Haki ya Mungu, mama! Anajifanya kipofu!"

"Ya kwenye televisheni hiyo, au ya kwako?"

"Ya kwenye televisheni! Fundi, si umeona? Mwambie!"

Fundi Saa alijivuta kwenye kiti, akafikiri. "Saa nimeiona," akasema. "Imesimama. Tangu wiki iliyopita iko saa nne na dakika kumi. Watu wana nyumba kubwa vile, wanashindwa kubadilisha betri?"

"Macho, Fundi! Sikuulizi saa, nakuuliza macho!"

"Macho sikuyaangalia. Mimi nilikuwa kwenye saa."

Nilitamani kulia. Safari moja tu naleta habari ya kweli, na shahidi wangu anajadili betri. Mama alikuwa ameshanigeuzia bega. Nilijua nikisema "twende" atasema "siendi", na gari tuliloliagiza lingekuja alfajiri kubeba watu wasiotoka. Ndipo akauliza, bila kunigeukia, "Ajifanye kipofu ili iweje?"

Nilibuni hapo hapo, ulimi ukaenda mbele yangu. "Anamtega Asali. Anataka aone mkewe anafanya nini akidhani haonekani."

Mama akageuka, pole pole, na uso wote ukawa umebadilika.

"Nilisema!" akajipiga kofi gotini. "Nilisema mimi! Yule mwanamke ana jambo! Mlinicheka na pipi yangu!"

"Ulisema, mama."

"Kwa hiyo upasuaji ulifanikiwa."

"Ulifanikiwa, mama. Anaona vizuri tu."

Akawa anatafuna ushindi wake. Fundi Saa akaaga. Mama akaniambia nimtolee gauni la kijani, la kwendea hospitali. Nilimpigia pasi lile gauni, na kadiri pasi ilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kujiuliza. Hivi kweli nimeona? Au nilitaka sana kuona? Nikafunga macho, nikakuta yale macho yakienda ukutani. Nikayashikilia hayo.

Upasuaji haukuchukua muda. Mimi nilikaa kwenye benchi nje ya mlango, nimekumbatia viatu vyake, na kila mlango ukifunguliwa nasimama. Alitoka anatembea mwenyewe, ameshikwa kiwiko na nesi, jicho limefungwa kitambaa cheupe na plasta. Daktari akasema amefanya alichoweza, tutajua kesho tukifungua. Amefanya alichoweza! Mimi nikisema hivyo kwa mteja, anajua gauni halikumtosha.

Walimlaza wodi ya wanawake. Juu ya mlango kulikuwa na televisheni, na ilipofika saa ya Pete Iliyozama wagonjwa wote waliinuka kwenye mito. Ningeizima, ila mama alishasikia muziki wake.

"Nieleze vizuri," akasema. "Na usitie lako."

Kapteni akasimama. Akatembea peke yake kuelekea ngazini, mikono mbele. Mimi nikawa nasema moyoni, simama, baba, unaona wewe, simama. Hakusimama. Mguu ukakosa ngazi, akaporomoka mpaka chini, kofia ikabiringika. Asali akaja mbio, akampakata, akalia machozi ya kweli, kamasi zinatoka, na mwanamke wa tamthilia hatoi kamasi kama anadanganya. "Hataona tena," daktari wao akamwambia kwenye korido. "Milele."

Wodi nzima ikasema, "Maskini!"

Mama alilala chali. Mkono wake ulikuwa umeukamata wangu.

"Kaanguka?"

"Ndiyo, mama."

"Amejifanya kuanguka?"

Hapo nilikuwa na maneno tele. Ningesema anaigiza, ningesema nimeona akichungulia kwa jicho moja akiwa chini. Mama asingejua mpaka kesho, na usiku angelala. Lakini alikuwa amelala pale gizani kwa neno langu, na kesho akiamka kwenye giza lile lile, neno la mwisho alilopewa nalo liwe uongo? Niliona aibu.

"Hapana, mama. Kaanguka kweli. Haoni."

"Na kutazama saa?"

"Mwigizaji alikosea. Nafikiri alijisahau tu, akatazama. Naapa nilimwona, mama. Sikukudanganya. Ila la kumtega Asali nilitunga."

Kitandani jirani mtu alikuwa anachambua tamthilia kwa sauti, anasema Asali siku zote alikuwa mke mwema.

"Kwa hiyo," mama akasema, "nimepasuliwa jicho langu moja kwa sababu mtu huko ng'ambo alitaka kujua saa ngapi."

"Nisamehe, mama."

"Wala saa yenyewe haitembei."

Sikujua kama anacheka au analia, maana chini ya kitambaa sikuona kitu. Hakuuachia mkono wangu. Nesi alikuja kunitoa, wakati wa kuona wagonjwa ulikuwa umekwisha. Nilikwenda kulala kwenye benchi la nje, kama kulala ndiko kule.

Asubuhi daktari alikuja na nesi. Walimkalisha mama kitandani, uso kwenye dirisha. Nilitaka kusimama mbali, miguu ikanileta mbele yake. Nesi akabandua plasta ya kwanza, ya pili. Kitambaa kikatoka. Jicho lilikuwa jekundu, limejaa machozi, linapepesa.

"Haya, mama," nesi akasema, ameinua mkono. "Hivi ni vidole vingapi?"

Mama hakujibu.

"Mama? Vidole hivi?"

Nesi akamtazama daktari. Nikajua nimemmaliza, nimemchukulia hata dirisha, hata kivuli changu kinachopita. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, sema kitu. Unaona nini? Chochote, sema tu!"

Mkono wake ukainuka. Haukupapasa. Ulikuja moja kwa moja mpaka kichwani kwangu, juu ya sikio, ukashika nywele.

"Hizi mvi za lini?" akauliza.

Nesi alianza kucheka, daktari akasema Mungu mkubwa.

"Nakuuliza. Na huku chini ya macho, umefanya nini? Mbona umekwisha hivi, mwanangu? Kila siku uko mbele yangu unanisimulia watu wasiokuwepo, nani kavaa nini, nani kakonda, nani kalia." Alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga wa dirisha. "Wewe mbona hukunisimulia?"

Miaka yote hiyo sikuwahi kukosa maoni. Nilitazama chini, kwenye viatu vyake, na yeye akakinyanyua kidevu changu tena ili anione vizuri.