Baraza la Mbao la Consolate

Mwaka 1964 ziwa lilipanda mpaka uani kwa Consolate, pale Uvira. Akamwita Térence, fundi seremala, amjengee baraza la mbao juu ya nguzo ndefu.

Térence alipima, kisha akatikisa kichwa. "Mama, mbao iko, lakini misumari imepanda bei. Waasi wamefunga barabara. Ngoja vita viishe."

"Maji hayangoji. Bila misumari ni bei gani?"

"Nitoboe mbao, nizifunge kwa vijiti vya mti mgumu? Mbuzi wawili. Na kazi itakuwa kubwa."

"Chukua watatu, uanze leo."

Baraza lilikuwa tayari vita vilipofika Uvira, na wote wakakimbilia milima ya Lemera. Waliporudi, ua ulikuwa ziwa, lakini baraza lilisimama kavu. Consolate alilifagia, akawaita majirani waanike mihogo yao juu yake.